Moto Usiokaa Chomboni: Historia ya Plazma

Bonn, 1857: fundi wa vioo

Heinrich Geissler hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa vioo mjini Bonn, na kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wanasayansi wa chuo kikuu vyombo walivyovihitaji. Shida aliyoitatua ilikuwa ya siku nyingi. Mwaka 1838 Michael Faraday, akiwa London, alipitisha umeme ndani ya bomba la kioo lililopunguzwa hewa. Aliona mwanga wa zambarau ukitoka kwenye ncha chanya na, mbele ya ncha hasi, pengo la giza ambalo hakuweza kulieleza. Hakuweza kuendelea sana kwa sababu pampu za wakati huo zilivuja. Geissler aliiondoa pistoni kabisa, akaiachia zebaki kazi hiyo. Ilipanda na kushuka ndani ya kioo, na kila iliposhuka ilichukua sehemu ya hewa iliyobaki.

Ndani ya mirija hiyo mipya, hewa kidogo iliyosalia iliwaka rangi nzuri kila umeme ulipopita. Wengi waliinunua kama mapambo. Lakini Julius Plücker, profesa aliyefanya kazi na Geissler, alisogeza sumaku karibu na mrija, na mwanga ukapinda. Gesi ya kawaida haiijali sumaku. Mwanga wa taa vilevile hauijali. Kilichokuwa ndani ya kioo kile kilikuwa kitu kingine.

Mwaka 1879 Mwingereza William Crookes, akihutubia mkutano wa wanasayansi mjini Sheffield, alithubutu kukipa nafasi yake. Alisema kwamba zaidi ya yabisi, kimiminika na gesi iko hali ya nne ya maada. Alikosea katika maelezo, maana alidhani miale aliyoiona ni molekuli za gesi zinazokimbia. Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge alionyesha kuwa miale hiyo ni chembe ndogo mno kuliko atomu, ambazo leo tunaziita elektroni. Hapo ndipo hali ya nne, yaani plazma, ilipoanza kueleweka. Gesi ikipata joto kali au msukumo mkubwa wa umeme, atomu zake hupoteza elektroni. Kinachobaki ni mchanganyiko wa elektroni huru na ayoni zenye chaji chanya, vyote vikienda huku na huku pamoja. Kwa jumla chaji zinakaribia kulingana, lakini mchanganyiko wenyewe unapitisha umeme, unatoa mwanga na unaitii sumaku. Radi ni hiyo. Cheche ya fundi wa kuchomelea ni hiyo. Jua lote ni hilo.

Norway, 1903: mbolea kutoka kwenye cheche

Crookes huyohuyo, mwaka 1898 mjini Bristol, alitoa onyo lililoitisha Ulaya. Ngano ilitegemea mbolea ya chumvi ya naitrojeni iliyochimbwa jangwani Chile, na machimbo hayo yangekwisha. Hewa imejaa naitrojeni, lakini mimea mingi haiwezi kuitumia ilivyo. Kama kemia isingepata njia ya kuikamata naitrojeni ya hewani, alisema, njaa ingefika.

Jibu la kwanza la kiwandani lilitoka kwa mtu aliyekuwa akitazama angani. Kristian Birkeland, mwanafizikia wa Norway, alikuwa ameziandama nuru zinazocheza usiku juu ya nchi za kaskazini. Aliamini zinaletwa na chembe za umeme kutoka kwenye Jua, zikiongozwa na sumaku ya dunia. Ili kulithibitisha hilo alitengeneza tufe dogo lenye sumaku, akaliweka ndani ya chombo kisicho na hewa na kulirushia elektroni. Duara za mwanga zikatokea karibu na ncha za tufe.

Utafiti wa namna hiyo ulihitaji fedha, na Birkeland alijaribu kuzipata kwa kubuni mzinga wa kurusha risasi kwa nguvu ya umeme. Mwaka 1903 aliuonyesha hadharani mzinga huo, umeme ukapiga shoti, na cheche kubwa ikaruka mbele ya watazamaji. Biashara ya mzinga iliishia hapo. Lakini mhandisi Sam Eyde alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza radi ya kiwandani, na Birkeland alijua kuwa sumaku inaweza kuitandaza cheche ikawa kama sahani. Walipopuliza hewa kupita kwenye sahani hiyo ya plazma, yenye joto la maelfu ya nyuzi, naitrojeni na oksijeni ziliungana. Gesi iliyotoka ikageuzwa kuwa asidi, asidi ikachanganywa na mawe ya chokaa, na mbolea ikapatikana. Mwaka 1905 kiwanda kilianza kazi Notodden, na kampuni ya Norsk Hydro ikaundwa mwaka huohuo.

Njia hiyo ilikula umeme kupita kiasi. Iliwezekana Norway kwa sababu ya maporomoko yake ya maji. Mwaka 1913 Wajerumani walifungua kiwanda cha Oppau kwa njia ya Haber na Bosch, iliyotumia umeme kidogo zaidi, na katika miaka iliyofuata plazma ikasukumwa nje ya soko la mbolea. Hata hivyo Norway ilibaki na mabwawa, viwanda na mafundi, na uchumi wake wa viwanda ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya msingi huo.

Kati ya mawimbi na taa, 1901–1928

Desemba 1901 Guglielmo Marconi alitangaza kwamba ishara ya radio iliyotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, ilimfikia Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki. Mawimbi ya radio husafiri kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Yalifikaje? Mwaka uliofuata Oliver Heaviside na Arthur Kennelly, kila mmoja kivyake, walipendekeza kwamba juu angani kuna tabaka linalopitisha umeme na kuyarudisha mawimbi chini. Uthibitisho ulikuja mwaka 1924, Edward Appleton na Miles Barnett walipotumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, wakapima mwangwi wa mawimbi na kukadiria kimo cha tabaka hilo kuwa karibu kilomita 100. Tabaka hilo, ionosfia, ni plazma hafifu inayozalishwa na miale ya Jua.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezaliwa kabla ya enzi ya simu za mkononi ameitegemea plazma hiyo bila kuambiwa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza tarehe 27 Juni 1957, sauti ilisafiri kutoka Uingereza kwa masafa mafupi, ikigonga ionosfia na kurudi ardhini. Matangazo yalipofifia na kurudi, au kituo kilipokamata vizuri usiku na kupotea mchana, lililokuwa likibadilika lilikuwa tabaka la plazma juu ya vichwa vyetu, kwa kuwa Jua ndilo linalolijenga na kulibomoa kila siku.

Taa nazo zilikuwa zikienda mbele. Georges Claude, Mfaransa aliyekuwa akiuza hewa iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, alibaki na gesi ya neoni asiyokuwa na kazi nayo. Aliijaza kwenye mirija mirefu, na Desemba 1910 akaiwasha jijini Paris kwenye maonyesho ya magari. Taa za matangazo zikaanza hapo. Taa ndefu nyeupe za madarasani na maofisini zilifuata katika miaka ya 1930: ndani yake mvuke wa zebaki katika hali ya plazma hutoa miale isiyoonekana, na unga uliopakwa kwenye kioo huigeuza kuwa mwanga mweupe.

Aliyewafanya watu wa taa waijue kwa undani plazma waliyokuwa wakiiwasha ni Irving Langmuir, wa maabara ya General Electric, Schenectady, Marekani. Aliingiza waya mwembamba ndani ya gesi inayowaka, akabadilisha volteji yake kidogo kidogo na kupima mkondo uliopita. Kutokana na vipimo hivyo aliweza kukokotoa elektroni ziko ngapi na zina joto kiasi gani. Jambo la ajabu lilijitokeza: elektroni zingeweza kuwa na joto la maelfu ya nyuzi huku gesi iliyobaki ikiwa baridi na kioo kikishikika kwa mkono. Mwaka 1928, katika makala kuhusu mitikisiko ya gesi hizo, ndipo alipoliandika jina plazma, ambalo madaktari walikuwa tayari wakilitumia kwa maji ya damu. Jina lenyewe halikuwa jambo kubwa. Kubwa lilikuwa waya ule, kwa sababu tangu siku hiyo swali la plazma halikuwa tena "inang'aaje?" bali "ina joto kiasi gani, na umejuaje?"

Nyota zapimwa, 1920–1942

Swali hilohilo lilikuwa limeshaulizwa kuhusu nyota. Meghnad Saha alizaliwa mwaka 1893 katika kijiji karibu na Dhaka, mtoto wa muuza duka mdogo. Mwaka 1920, akifundisha Calcutta, alitoa mlinganyo unaoeleza ni sehemu gani ya atomu za gesi itakayopoteza elektroni kwenye joto na mgandamizo fulani. Mistari ya rangi katika mwanga wa nyota, iliyokuwa imepangwa na kuhesabiwa kwa miongo bila kueleweka vizuri, ikawa kipimajoto.

Cecilia Payne, Mwingereza aliyekwenda Harvard kwa kuwa kwao wanawake hawakuwa na njia ya kupanda katika elimu ya nyota, aliuchukua mlinganyo wa Saha na kuutumia kwenye picha nyingi za mwanga wa nyota zilizohifadhiwa pale. Tasnifu yake ya mwaka 1925 ilionyesha kwamba nyota kwa sehemu kubwa mno ni haidrojeni na heli. Henry Norris Russell, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika fani hiyo Marekani, alimwambia haiwezekani, na Payne akaandika kwamba matokeo yale karibu kwa hakika si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe alifikia jibu hilohilo kwa njia nyingine, akakiri kwamba Payne alitangulia. Naona uchungu kila nikifika hapa: vipimo vilikuwa sahihi, hesabu ilikuwa sahihi, na mwenye haki ndiye aliyelazimishwa kujikana.

Matokeo ya kazi hiyo yalikuwa makubwa. Kama Jua ni haidrojeni, basi wazo alilolitoa Arthur Eddington mwaka 1920, kwamba nyota huwaka kwa kuunganisha viini vya haidrojeni kuwa heli, lilikuwa na kuni za kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Hans Bethe alieleza hatua za muungano huo. Mwaka 1942 Msweden Hannes Alfvén alionyesha kwa hesabu kwamba plazma na sumaku zikikutana hutikisika pamoja na kupitisha mawimbi ya aina yake. Wengi hawakumsadiki kwa miaka kadhaa. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1970.

Miaka ya siri, 1950–1958

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mataifa makubwa yaliuliza kama moto wa Jua unaweza kuwashwa duniani na kudhibitiwa. Haidrojeni nzito ipo tele baharini. Tatizo ni joto: muungano wa viini unahitaji kama nyuzi milioni 100, na hakuna chombo cha kuhifadhi kitu cha joto hilo. Ikigusa ukuta, plazma hupoa papo hapo na ukuta huharibika. Iliyobaki ni sumaku, kwa kuwa plazma huitii. Lakini inaitii kwa shingo upande. Hujikunja, hujikata, hupenya pale nguvu za sumaku zinapolegea. Kazi hiyo ilifanana na kuchotea maji pakacha.

Tarehe 24 Machi 1951 Rais Juan Perón wa Argentina alitangaza kwamba mwanasayansi wake, Ronald Richter, ameudhibiti muungano wa viini kwenye kisiwa cha Huemul. Haikuwa kweli, na tume iliyoundwa mwaka uliofuata haikukuta kitu. Ila uongo ule ulizaa ukweli mahali pengine. Lyman Spitzer wa Princeton, aliyekuwa karibu kwenda kuteleza kwenye theluji, alizipata habari hizo na kutafakari mlimani jinsi jambo hilo lingeweza kufanyika kweli. Alirudi na mchoro wa mtambo alioupa jina la nyota, stelareta, na serikali ya Marekani ikampa fedha mwaka huohuo. Kwa upande wa Wasovieti, barua ya Oleg Lavrentiev, askari kijana aliyekuwa Sakhalin, ilimfikia mwanafizikia Andrei Sakharov mwaka 1950. Njia ya askari huyo isingefaa, lakini ilimchochea Sakharov na mwalimu wake Igor Tamm kufikiria pete ya plazma iliyozungukwa na sumaku, huku mkondo wa umeme ukipita ndani ya plazma yenyewe. Mtambo huo ukaitwa tokamaki.

Yote hayo yalifanyika gizani. Muungano wa viini hutoa nyutroni nyingi, na nyutroni zinaweza kuzalisha malighafi ya mabomu, kwa hiyo kila nchi iliificha yake. Waliofungua mlango wa kwanza walikuwa Wasovieti. Aprili 1956 Igor Kurchatov, mkuu wa mradi wao wa nyuklia, alifuatana na kiongozi wa nchi yake, Khrushchev, hadi Uingereza, na katika kituo cha Harwell akatoa mhadhara wa wazi kuhusu majaribio yao, pamoja na tahadhari: kuona nyutroni si ushahidi kwamba plazma nzima imepata joto la kutosha.

Waingereza walilisikia onyo hilo kwa masikio yao. Hata hivyo Januari 1958 mbiu ikapigwa kuhusu mtambo wao wa ZETA, uliokuwa Harwell hapohapo. Ulikuwa umefikia nyuzi milioni 5, ilisemwa, na nyutroni zilikuwa zikitoka. Mkuu wa Harwell, Sir John Cockcroft, aliwaambia waandishi wa habari kwamba ana uhakika wa asilimia 90 kuwa nyutroni hizo ni za muungano wa kweli. Magazeti yakajaa sifa. Ndani ya Harwell, Basil Rose alizipima nyutroni zilizotoka pande tofauti za mtambo. Kama plazma nzima ingekuwa na joto, nishati ya nyutroni ingekuwa sawa kila upande. Haikuwa sawa. Nyutroni zilitokana na chembe chache zilizosukumwa kwa nguvu plazma ilipokatika, na mwezi Mei madai yakafutwa. Wenye haya walikuwa wengi, lakini mimi namweka Rose juu katika historia hii, kwa kuwa alikuwa tayari kuipima furaha ya kituo chake mwenyewe.

Septemba mwaka huo, kwenye mkutano wa Geneva, Marekani, Uingereza na Wasovieti waliweka mitambo na takwimu zao mezani. Wote waligundua jambo moja: hakuna aliyekuwa mbele. Plazma ilikuwa imewashinda wote kwa usawa.

Masanduku ya Culham, 1968–1969

Agosti 1968, kwenye mkutano wa Novosibirsk, Lev Artsimovich, mwanafizikia wa Kisovieti, alieleza kwamba tokamaki yao ya T-3, iliyokuwa Moscow, imefikisha elektroni kwenye nyuzi kama milioni 10 na kuishikilia plazma kwa muda mrefu kuliko mtambo wowote wa Magharibi. Wageni hawakuamini, hasa wa Princeton. Wasovieti walikadiria joto kwa njia za mzunguko, na baada ya ZETA hakuna aliyetaka kuaibika tena.

Waingereza wa maabara ya Culham walikuwa na kipimo kisichogombewa. Ukipenyeza mwali wa leza ndani ya plazma, sehemu ndogo sana ya mwanga hutawanywa na elektroni. Elektroni zinazokimbia hubadilisha rangi ya mwanga huo kidogo, na kadiri zinavyokimbia ndivyo rangi inavyotanuka zaidi. Mtanuko huo ndio joto. Hakuna waya unaoingizwa, hakuna kinachoguswa. Artsimovich alimwomba mkuu wa Culham, Bas Pease, alete watu wake na leza yao wapime wenyewe.

Mwezi huohuo wa Agosti vifaru vya Kisovieti viliingia Prague. Mialiko mingi ilivunjika, huu haukuvunjika. Nicol Peacock, Derek Robinson na wenzao walifunga vifaa vyao katika masanduku, wakaenda kuishi Moscow na kufanya kazi bega kwa bega na wenyeji wao. Miezi ya kwanza ilikuwa ya kupambana na mwanga wa plazma yenyewe uliofunika ule hafifu wa leza. Katikati ya mwaka 1969 majibu yalitoka: Artsimovich alisema kweli. Makala ilichapishwa katika jarida la Nature mwezi Novemba, ikiwa na majina ya Waingereza pamoja na la Msovieti.

Kilichofuata kilikuwa kasi isiyo ya kawaida kwa sayansi kubwa. Princeton waliubomoa mtambo wao mkubwa wa stelareta na kuugeuza tokamaki, na mwaka 1970 ukawa unafanya kazi. Ufaransa, Uingereza, Ujerumani, Italia na Japani zote zilijenga zao.

Kutoka Malindi hadi kwenye chipu, 1970–1990

Wakati huo plazma ilipatikana pia mahali pasipotarajiwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta. Chini ya uongozi wa Riccardo Giacconi, Uhuru ilionyesha kwamba katikati ya makundi ya galaksi kuna eksirei zilizotanda eneo kubwa mno. Vipimo vya miaka iliyofuata vilithibitisha chanzo chake: plazma ya mamilioni ya nyuzi, yenye uzito kuliko nyota zote za galaksi hizo zikijumlishwa.

Viwandani, matumizi makubwa kuliko yote yalikuwa yakianza kimyakimya. Watengenezaji wa chipu walikuwa wakichonga mifereji kwenye silikoni kwa asidi, lakini asidi hula pembeni kama inavyokula chini, na mifereji ilipozidi kuwa myembamba kuta zake ziliporomoka. Katika miaka ya 1970 walihamia kwenye plazma. Ayoni huvutwa na umeme zishuke wima, zikachimba chini bila kula kuta. Bila hatua hiyo, simu iliyo mfukoni mwa msomaji isingewezekana. Televisheni za plazma, zilizotokana na skrini iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1964, zilivuma zaidi na kutoweka. Mashine za kukatia chuma, vifaa vya kutakasia zana za hospitali na injini ndogo za setilaiti ziliendelea.

Hesabu ya nishati, 1983 hadi sasa

Tokamaki ya Ulaya, JET, iliwashwa Culham mwaka 1983. Mwaka 1997 ilitoa megawati 16 za muungano wa viini kwa kupashwa kwa megawati kama 24, na mwaka 2023, kabla ya kufungwa, ilitoa megajuli 69 kwa miligramu 0.2 tu za haidrojeni nzito. Marekani, kwa njia tofauti ya kuminya kidonge cha haidrojeni kwa leza, ilifikia mnamo tarehe 5 Desemba 2022 kile kilichongojwa: megajuli 2.05 ziliingia kwenye shabaha, 3.15 zikatoka. Habari hiyo ni kubwa, na inapaswa kusimuliwa nzima. Leza zenyewe zilivuta megajuli kama 300 kutoka gridi ya umeme ili kutoa hizo mbili.

Huko Cadarache, Ufaransa, mataifa yaliyotiana saini mwaka 2006 yanajenga tokamaki ya ITER: Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Mradi huo una mizizi kwenye mazungumzo ya Rais Reagan wa Marekani na kiongozi wa Wasovieti, Gorbachev, huko Geneva mwaka 1985. Umechelewa mara nyingi na gharama zimepanda. Jirani yake, mtambo mdogo wa WEST, uliishikilia plazma kwa sekunde 1,337 mnamo Februari 2025, zaidi ya dakika 22, bila muungano wa viini wa maana. ITER inadai zaidi: megawati 500 kutokana na 50 za kupashia, kwa sekunde 400. Ratiba iliyotangazwa mwaka 2024 inaweka utafiti wa kwanza mwaka 2034, na plazma ya mchanganyiko kamili wa haidrojeni nzito mwaka 2039.